Karata za Mazimwi ya Taa

Kaka yangu alikuja na boksi la kwanza la karata nilipokuwa kidato cha pili. Tulikuwa tunakaa Iringo, mjini Musoma, nyumba ya kupanga, na yeye alikuwa amefunga shule ya bweni. Mwalimu wao wa hesabu, mgeni wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao, aliwagawia wanafunzi vitu vyake. Wengine walipata vitabu, mmoja akapata redio, na kaka akapata boksi ambalo hakuna mwingine aliyelitaka.

Karata hizo, zilizoandikwa Kiingereza, zilitokana na katuni ya Kijapani ambayo tulishaiona vipande vipande kwenye CD za kukodi, mtu mmoja akitafsiri juu ya sauti za wenyewe na kuongeza utani wake. Ni habari za binti anayetembea kijiji hadi kijiji, amebeba mazimwi madogo ndani ya taa za chemli. Kwenye mchezo kila mtu anapanga taa zake saba mbele yake. Unalipa mafuta, unatoa zimwi, zimwi linakwenda kuzima taa ya mwenzako. Taa zako zote zikizimika, umeshindwa. Karata za upepo, zinazozima taa bila zimwi, zilikuwa chache, na zimwi kubwa kuliko yote lilikuwa na nguvu tano. Siku moja ilitosha kuujua mchezo wote.

Mama hakuzipenda. Familia yetu inasali Jumamosi, na kwake karata ilikuwa kamari.

"Hakuna pesa hapa, mama," kaka alimwambia.

"Na haya mazimwi?"

"Wanyama tu. Wa kuchora."

Alizitazama moja moja, akazirudisha kwenye boksi. Akasema tusiziguse kuanzia Ijumaa jua linapozama, na watoto wa jirani wasizione. Kwa hiyo tulicheza wawili tu, likizo nzima, kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Kaka hakuwa mtu wa maneno. Akiwa anafikiri, alikuwa anagonga ukingo wa karata kwenye meno yake, na mimi nikisikia kugonga kule nilijua nimekwisha. Sikumbuki kumshinda zaidi ya mara mbili. Sikumbuki pia kwamba niliwahi kuongea naye kwa muda mrefu kuliko likizo ile, ingawa tuliyoongea yalikuwa mafuta na taa.

Miaka ikapita. Kaka akapata ufadhili wa kusomea uhandisi hukohuko ilikotoka katuni. Baba alipostaafu, wazazi walirudi Butiama shambani. Mimi nilibaki Musoma, nikapata kazi kwenye duka la steshenari mtaa wa Mukendo, kuchapa barua na kutoa fotokopi, na nikapanga chumba changu. Boksi la karata nilibaki nalo mimi. Kaka alisema hawezi kulibeba, mzigo umejaa.

Mwaka wake wa kwanza huko alinitumia toleo la pili kwa mkono wa mwanafunzi mwenzake aliyekuja likizo. Lilikuwa limeandikwa lote kwa Kijapani. Lakini kwenye kila karata alikuwa amebandika kikaratasi chenye tafsiri kwa mwandiko wake mdogo. Toleo lile lilileta walinzi, karata zinazosimama mbele ya taa na kupokea pigo. Kwenye moja aliandika: "Mlinzi wa kisima. Akishindwa, taa yako moja iliyozimika inawaka tena. Hii ni nzuri, itoe mapema. Usiwe na haraka kama kawaida yako."

Nilivisoma vile vikaratasi kama barua. Kwa kweli vilikuwa barua, maana barua nyingine hakuandika.

Tulijaribu kucheza kwa simu ya video. Huko saa zinatangulia sita, kwa hiyo mimi nilikuwa nakunywa chai ya asubuhi ya Jumapili, na yeye ameshakula mchana. Niliegemeza simu kwenye chupa ya chai, karata nimezipanga kitandani. Mtandao ulikuwa unakata, picha inaganda mkono wake ukiwa juu ya karata, na akirudi hewani naona ameshazima taa zangu mbili. Tulicheza Jumapili nne. Ya tano alikuwa na mtihani. Ya sita sikumpigia mimi, nikisubiri apige yeye.

Toleo la tatu lilikuja na karata za mahali: mto, soko, mlima wa majivu. Karata ya mahali inakaa katikati ya meza na kubadilisha kanuni kwa wachezaji wote wawili. Ukiweka mto, hakuna anayelipa mafuta mpaka zamu tatu zipite. Nilizipenda sana kwa kuzisoma tu, maana mtu wa kucheza naye sikuwa naye. Vikaratasi vya kaka vilikuwepo bado, lakini sasa vilieleza maana peke yake. Hakuna aliponiambia nisiwe na haraka.

Mwaka huo ndipo nilipompata nesi wa Bunda. Niliingia kwenye kundi la WhatsApp la wachezaji wa Tanzania, karibu wote wa Dar es Salaam na Arusha. Nikauliza kama kuna mtu yeyote wa mkoa wetu wa Mara. Siku mbili kimya, halafu namba moja ikajibu: "Mimi nipo Bunda. Nina toleo la kwanza na la pili. Sijacheza tangu chuo."

Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mkunga wa kituo cha afya, mama wa watoto wawili, na mume wake alikuwa anafanya kazi Kigoma. Alifundishwa mchezo huo chuoni Mwanza na mwenzake wa chumba kimoja. Tulikutana Jumapili moja kwenye mgahawa karibu na stendi ya Bunda, meza ya nyuma, na mwenye mgahawa hakutusumbua mradi tunaagiza supu na chapati. Nilimwita dada, akaniita mdogo wangu.

"Huko Musoma ulikuwa unachezaga na nani?" aliniuliza.

"Na kaka. Zamani."

"Mimi nilikuwaga naziangalia tu. Watoto wakilala nazitoa, nazipanga, nazirudisha."

Nilimtolea kazini nakala za karata za toleo la tatu pamoja na tafsiri, nikazikata vizuri na kuziingiza kwenye mifuko yake ya plastiki. Tukawa tunakutana Jumapili mbili kwa mwezi, zamu zake zikimruhusu. Alikuwa mchezaji wa taratibu, anayelinda taa zake kuliko kushambulia. Kati ya zamu na zamu alinisimulia mambo ya kazi, lakini hakutaja mgonjwa kwa jina. Nilianza kuhesabu siku kutoka Jumapili moja ya Bunda hadi nyingine. Ilikuwa hivyo karibu miaka miwili.

Toleo la nne lilipofika, halikuwa na kikaratasi hata kimoja. Kaka alikuwa ameajiriwa. Alituma ujumbe: "Piga picha kwa simu, itakutafsiria yenyewe." Toleo hilo lilikuwa na karata za pande mbili, zimwi likijeruhiwa unaligeuza, na nyuma yake ni zimwi jingine lenye hasira. Tulikaa na nesi tukizipiga picha moja moja. Simu ikatuambia kwamba zimwi fulani "humla shemeji wa upepo." Nesi alicheka hadi akafuta machozi kwa khanga. Siku hiyo hatukucheza kabisa. Tulikisia maana ya kila karata na kuandika tulichokubaliana, na mpaka leo sijui kama tulipatia.

Mwezi uliofuata alinikuta mgahawani nimeshapanga taa zangu. Hakukaa mara moja.

"Uhamisho umetoka," alisema. "Kigoma. Niliuomba mwenyewe zamani, nikasahau hata kama niliuomba."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Nilimwambia hongera, kwa sababu mume wake yuko huko na watoto wanamhitaji baba yao. Tulicheza mchezo mmoja. Alishinda, na nilijua alishinda kihalali. Alipokuwa anafunga karata zake aliniuliza kama ningependa aniachie.

"Nenda nazo, dada. Huko utapata mtu."

Baada ya miezi michache aliniandikia kwamba hajapata mtu. Nikamjibu kwamba mimi pia. Tuliandikiana salamu za sikukuu, halafu za mwaka mpya, na sasa kila mmoja anaona picha za mwenzake tu za WhatsApp.

Toleo la tano ndilo lililoharibu mchezo, kwa maoni yangu. Lilileta muungano: unachukua mazimwi mawili, unayalaza karata juu ya karata, yanakuwa zimwi moja lenye nguvu thelathini. Zimwi letu kubwa la Iringo lilikuwa na tano. Yale ya mwanzo yote yakawa kama wadudu. Wakati huohuo wenye mchezo walitangaza kwamba mashindano yao hayatapokea tena toleo la kwanza na la pili. Huku mkoani Mara hakuna mashindano, na tangazo lile halikunihusu kwa lolote. Hata hivyo nilifunga duka mapema siku ile.

Nilikuwa nikienda Butiama kila Jumapili sasa, maana Bunda sikuwa na sababu tena. Baba anapumzika mchana, mama anakaa barazani na kazi zake. Jumapili moja alitoka na ungo wa maharage akanikuta nimepanga taa pande zote mbili za meza, nacheza huku, halafu nazunguka kiti nacheza kule.

"Unacheza na nani?"

"Mwenyewe, mama."

"Na anayeshinda nani?"

Nilimwambia upande wa ndani umeshinda mara nyingi zaidi, labda kwa sababu kule kuna kivuli. Hakucheka. Aliweka ungo kwenye magoti, akavuta kigoda karibu na upande wa nje, akaanza kuchambua maharage. Hakuzigusa karata na hakuniuliza kanuni. Lakini nilipotaka kuzunguka kwenda upande ule, ilibidi nimpishe, na ikawa ajabu kumchezea mtu aliyekaa pale pale. Nikazikusanya, tukachambua wote.

Kaka alirudi likizo mwaka jana, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Alikuwa amenenepa kidogo, na Kijita chake, lugha yetu ya nyumbani, kilikuwa kinakwama. Alileta toleo la tano, boksi zima halijafunguliwa, ingawa mimi nilikuwa nimeshalinunua kwa mtu wa Mwanza. Sikumwambia. Nilisubiri siku tatu wageni wapungue, kisha nikatandika kitambaa mezani pale barazani Butiama na kupanga.

Zamu ya nne alishika mazimwi mawili mkononi, akayatazama, akayaweka chini yote mawili bila kuyaunganisha.

"Hayo yanaungana," nilisema.

"Yanaungana vipi?"

Nilidhani ananitania. Nikamweleza. Aligonga karata kwenye meno, akanitazama, akaacha.

"Sikiliza, mdogo wangu. Mimi niliacha kucheza lilipotoka toleo la tatu. Hata la tatu sikulicheza, nilitafsiri tu. Kuna duka karibu na stesheni ninapopandia treni. Likitoka jipya nanunua, nakutumia. Nilijua wewe ndiye unazipenda."

"Mimi nilikuwa najifunza ili ukirudi tucheze."

Aliziweka karata zake mezani. Mama alipita na kikapu, akatutazama, akaendelea. Kaka akasema basi tucheze lile la zamani. Nikatoa karata za kwanza, zimechakaa pembe, tukacheza. Nilimshinda. Tukarudia, nikamshinda tena, na mara ya tatu nikaona anakosea kwa makusudi, anabaki na zimwi ambalo hata mtoto angelitoa. Nikamwambia nimechoka. Tulikaa tukiangalia njia, naye akaniuliza habari za duka, nikamwambia mashine mpya ya fotokopi inasumbua. Akaniambia namna ya kusafisha rola zake. Ulikuwa ushauri mzuri. Nimeufuata na mashine imetulia.

Kabla hajaondoka aliniuliza kama aendelee kutuma. Nilimwambia hapana, asante, posta imekuwa usumbufu.

Toleo la sita limetoka mwaka huu. Nililiona kwenye simu nikiwa kaunta, wateja hakuna, mvua inanyesha Mukendo. Safari hii wameandika kanuni upya kabisa, na kuna kitabu chake cha Kiingereza mtandaoni. Nilikichapa, kurasa ishirini na nne, nikazibana kwa stepla na kusoma mwanzo hadi mwisho. Wamepunguza nguvu. Muungano wameufuta. Wamerudisha taa saba, na baadhi ya karata za toleo la kwanza zimechorwa upya na zinaruhusiwa tena. Nilielewa karibu kila kitu kwa kusoma mara moja, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Nilikuwa na maswali mawili kuhusu walinzi. Nikafungua simu, nikatafuta namba ya dada, yule nesi aliyehamia Kigoma, nikaandika swali la kwanza, nikalituma.

Alama ya kufika ikatokea. Mteja akaingia anataka nakala za cheti cha kuzaliwa, nikasimama kumhudumia.