Kinyozi wa Miti na Mparachichi wa Shefu

Mtaa mzima wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ulimwita Hamimu kinyozi wa miti. Jina lilimpendeza, ila adabu za kinyozi hakuwa nazo: mteja akitaka mti wake unyolewe vibaya, alimwambia wazi kwamba hajui kitu. Kwa ulimi huo alishafukuzwa kwenye nyumba nyingi za mtaa wa Kinindo, na nyingi zilimwita tena.

Oktoba 1996, vita ikiwa milimani juu ya Bujumbura, shefu wa mtaa, Bwana Astère, aliamuru kila mti wa Kinindo ukatwe kichwa, ubaki kimo cha mtu, adui asipate pa kujificha. Mama Scholastique, mjane aliyeishi kwa parachichi za mti wake mmoja, alimwita Hamimu huku analia.

Hamimu alikwenda kwa shefu. Alimweleza kwamba majani ndiyo jiko la mti. Ukiyaondoa yote kwa mkupuo, mti unashikwa na njaa, unachipua ovyo kila upande, na kidonda kinaoza hadi ndani. Dawa ni kupunguza matawi machache, kila moja likatwe pale linapovimba karibu na shina, ili kidonda kijifunge chenyewe. Astère alijibu kwamba hakuomba darasa. Basi Hamimu akaweka dau mbele ya majirani: mparachichi wa shefu ukatwe kishefu, wa mama ukatwe kihamimu, na mvua zikiisha, mti utakaoficha mtu ung'olewe. Shefu aliona haya kukataa.

Mwezi wa Mei Astère alikuja kukagua. Mti wa Scholastique ulikuwa umebeba matunda, na katikati ya matawi yake ukuta wa jirani ulionekana wote. Shefu alinuna, akauliza huyo Hamimu amejificha wapi, kisha akaongoza kwenda kwake, mama akimfuata.

Uani kwake, ambako mlinzi wake alikuwa ameketi, kisiki cha mparachichi kilikuwa kimegeuka kichaka. Sauti ya Hamimu ikatoka ndani ya majani, ingawa alijua kwamba mwaka ule watu walipigwa risasi kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Shefu, mi niko humu tangu asubuhi. Mulinzi wako amekula hapa chini, ugali na ndagala, na apana kunikaribisha."

Mlinzi alikuwa wa kwanza kukimbia. Bunduki yake ilibaki imeegemea shina.

Astère aliitazama ile bunduki kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama kweli ni lazima mti wake ung'olewe.

Hamimu alimwambia amuulize Mama Scholastique.