Siku Kavutha Alipopewa Maikrofoni

Kavutha Muoki alirudi Huruma mchana kweupe, akiburuta masanduku mawili, na kabla hajamaliza ngazi za kufika ghorofa ya nne, majirani wawili walikuwa wameshamuuliza kama shahada za Marekani siku hizi huisha haraka hivyo. Alijibu kwamba amekuja likizo. Likizo hiyo sasa ina miaka mitatu.

Alikuwa amekwenda kusomea uzamili wa sayansi ya vyakula. Chuo kilimsamehe karo, lakini chumba na chakula vilikuwa juu yake, kwa hiyo alifanya kama wanafunzi wengi wageni: alitafuta kazi mle mle chuoni. Akapata ya kuosha vyombo katika bwalo la wanafunzi. Trei zilimjia kwenye mkanda bila kupumzika, mvuke ukimchemsha uso, huku nje theluji ikifika magotini. Sheria ilikuwa moja na ilijulikana na wote: muhula ukiendelea, mgeni asipite saa ishirini kwa wiki. Kavutha alibandika kalenda juu ya kitanda akawa anaandika kila saa aliyofanya.

Msimamizi wa zamu pale jikoni alikuwa Frankline Opicho, mwana wa Mama Nakhumicha, ambaye akina Kavutha walikuwa wakiabudu naye kanisa moja huko Makadara. Alikuwa akisomea udaktari wa falsafa. Ndiye aliyempokea Kavutha uwanja wa ndege, akamvisha jaketi lake mwenyewe, akamwonyesha duka la kununulia unga wa ugali. Kwa Kavutha, huyo alikuwa kaka.

Basi kaka akaanza kuomba msaada. Alisema tasnifu imemkaba koo, Kavutha amshikie zamu mbili tatu na kumgongea kadi kwenye mashine ya saa, ili asionekane hayupo. Kavutha alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alikubali. Baada ya mwezi mmoja ndipo alipong'amua kwamba hakuna tasnifu inayoandikwa. Opicho alikuwa anabeba mizigo kwenye stoo moja mjini, kazi ambayo mwanafunzi mgeni hakuruhusiwa hata kuigusa. Alipomuuliza, Opicho alicheka tu, akaendelea kumtumia maagizo ya zamu kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, jumla mara nne.

Kamera za jikoni ndizo zilizowaumbua. Ofisi ya wanafunzi wageni ilimwita Kavutha, naye kabla ya kwenda akamkimbilia Opicho.

"Kubali hizo saa, usinitaje," Opicho alimwambia. "Ukinitaja tutazama wote. Nitaenda mwenyewe kesho nilimalize. Naapa kwa mama yangu."

Kavutha alitia sahihi kwamba kweli alizidisha saa. Kesho yake Opicho alikwenda, kama alivyoapa, akaieleza ofisi kwamba kadi yake iliibwa na msichana aliyemwamini. Barua ya kumwondoa Kavutha ilifika Ijumaa, na sahihi yake ikiwa tayari kwenye faili, hakuona tena pa kujitetea. Alimpigia Opicho simu mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili simu ilikuwa imezimwa.

Nyumbani hakumweleza mtu. Baba yake, Mzee Muoki, mchonga vinyago ambaye zamani aliwachosha wenzake karakanani kwa habari za "mwanangu wa Marekani", aliacha kumtaja. Mama yake, Kamene, alisema ni mapenzi ya Mungu. Kavutha alipata kazi ya kupima maziwa kwenye kiwanda kidogo Njiru, na kila alipobadilisha simu alihakikisha kwamba zile sauti nne za Opicho zimehamia kwenye simu mpya. Aliziweka pahali pawili. Wakati mwingine, akingoja majibu ya vipimo, alikuwa akizisikiliza moja baada ya nyingine, si kwa huzuni, bali kama mtu anayekinoa kisu chake taratibu asije akakiharibu.

Mwaka jana Opicho alirudi na cheo chake cha Daktari. Kanisa lilimpokea kwa nyimbo. Hakupita muda akafungua ofisi ya kuwapeleka vijana kusoma ng'ambo, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi alikuwa akiwahutubia wazazi kwenye ukumbi wa kanisa. Hapo ndipo alipomtia Kavutha kwenye hotuba yake.

"Kuna msichana wa kanisa hili hili," alikuwa akisema, "alifika kule akaingiwa na tamaa, akaiba hata kadi ya mwenzake. Leo yuko wapi?"

Hakutaja jina. Hakuhitaji. Kamene alirudi nyumbani siku hiyo akaketi na kitambaa chake kichwani, hakukivua mpaka chakula kikapoa.

Wiki hiyo hiyo Kavutha alimtafuta Opicho, akamwamkia kwa upole, akainamisha macho. Opicho alimeza chambo chote.

"Sista, mimi sina kinyongo," alisema. "Kuna kitu kimoja kingesaidia hawa vijana. Njoo utoe ushuhuda. Useme kosa lako kwa mdomo wako."

"Nitakuja, Daktari," Kavutha alijibu. "Nitasema yote."

Siku ilipofika ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Opicho alimtambulisha kwa sauti ya huruma, akamkabidhi maikrofoni mwenyewe, kisha akaketi na kukunja nne. Kavutha alisimulia habari za trei, mvuke na zile saa ishirini. Alikiri kwamba alivunja sheria. Wazazi walitikisa vichwa kwa masikitiko. Halafu akasema, "Na sasa msikilize aliyeniomba niivunje," akaisogeza simu kwenye maikrofoni.

Sauti ikatoka kubwa, ya mtu mchangamfu. "Kavutha, niaje siz. Kesho nigongee kadi saa kumi, mimi niko kule stoo. Kadi nimekuachia kwa droo. Na usiambie mtu, sawa?"

Akacheza ya pili. Akacheza ya tatu. Opicho aliinuka jasho likimtiririka, akawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

"Hizo zimetengenezwa na kompyuta!" alipaza sauti. "Siku hizi sauti ya mtu yeyote inatengenezwa!"

Ukumbi ukaanza kugawanyika, wengine wakimzomea Kavutha. Ndipo Mama Nakhumicha aliposimama katika safu ya mbele. Alikuwa amevaa gauni alilonunuliwa na mwanawe.

"Hiyo ni sauti ya Frankline," alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Akachukua mkoba wake akatoka.

Kabla ya mwezi kwisha wazazi walikuwa wamewaondoa watoto wao kwa Opicho, na bango lake la Jogoo Road likateremshwa. Kavutha hakuridhika na hayo. Alituma sauti zote nne kwa chuo kile cha Marekani, pamoja na tarehe, na ofisi ikajibu kwamba imezipokea na inachunguza. Hapo Opicho akamfuata Njiru. Kavutha alimwacha getini, juani, hadi alipomaliza kupima matangi yote sita, kisha akatoka na koti lake jeupe.

"Waandikie umekosea," Opicho alisihi. "Wataninyang'anya shahada. Kavutha, nina mtoto."

"Na mimi nilikuwa na baba aliyekuwa akinitaja."

"Basi unataka nini? Nipige magoti?"

"Piga, kama magoti yako yanawasha. Mimi sitaandika."

Alipiga kweli, walinzi wakiangalia. Kavutha alimtazama kwa muda, akaonja utamu wa jambo hilo mpaka ukamtosha, akarudi ndani.

Jioni alimweleza mama yake. Kamene aliinjika chai, kisha akauliza kama hajafika wakati wa kumsamehe mtoto wa watu.

"Bado, mama," Kavutha alisema, akamega kipande cha chapati. "Ngoja kwanza chuo kijibu."

Siku hizi Mama Nakhumicha huketi safu ya nyuma kabisa kanisani. Kavutha humsalimia kila Jumapili. Mama huyo huitikia vizuri, lakini mkono hampi.