Kaburi la Jikoni

Nikiwa mwaka wa tatu wa uanahabari, chuoni Embu, mhadhiri alitutuma tukatafute habari za "jamii iliyotengwa", kana kwamba jamii hizo zinauzwa sokoni. Nilienda karibu na Kanja, na sitasema upande gani, kwenye kijiji cha watu wasio na mashamba. Wakoloni waliwarundika wazazi wao hapo wakati wa Mau Mau. Vita vilipoisha, wenye kwao walirudi kwao, wasio na kwao wakabaki. Nyumba zimebanana, ardhi ni ya serikali, na hakuna mwenye hati.

Nilifikia kwa shosho mmoja, bibi kizee ambaye maiti ya mumewe ilikuwa bado mochari. Kwetu Nkubu mtu akifa anazikwa shambani mwake, kando ya migomba, na hakuna anayeuliza. Shosho hakuwa na shamba. Chifu alikuwa amemwambia ampeleke makaburi ya kaunti, wanakozikwa maiti wasio na wenyewe.

"Lakini huyu ako na mwenyewe," aliniambia. "Si ni mimi?"

Niliyaandika maneno hayo haraka kwa sababu yalikuwa mazuri. Moyoni sikuhisi kitu. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa.

Siku ya mazishi walibomoa jiko, maana nafasi nyingine haikuwako. Wanawe waling'oa mabati, wakasogeza mafiga, wakachimba palepale penye majivu. Mhubiri aliomba kwa Kiembu, kwa sauti ya chini. Hakuna aliyeimba, chifu asije akasikia. Mazishi bila wimbo sikuwahi kuyaona. Walipomaliza kufukia waliyarudisha mabati, na jioni shosho akachemsha chai humo humo, karibu na mlango.

Picha za mazishi nilikuwa nimezipiga. Mhadhiri alipoziona alisimama.

"Hii itasomwa mpaka Nairobi," alisema. "Rudi umuulize anajisikiaje, halafu tuchapishe."

Nilirudi, nikamuuliza. Shosho alikuwa akichambua maharagwe.

"Ukiandika, si watakuja kumtoa?"

Ningependa kusema hapana. "Wanaweza kuja, shosho."

"Na wakimtoa, atakuwa wa nani?"

Aliendelea kuchambua maharagwe.

Nilizifuta picha zote. Sitajisifu kwamba ilikuwa huruma, maana huruma ningeitambua. Niliona tu kwamba mzee amepata pa kulala na kwamba kalamu yangu ndiyo ingemfukua. Basi nikaandika habari ya mfereji wa kijiji, unaotoa maji pale unapojisikia. Mhadhiri alisema ni habari baridi na kwamba sitafika mbali katika kazi hii. Kuhusu ubaridi alisema kweli.

Habari ilipotoka katika gazeti la chuo nilimpelekea shosho, nikamsomea tukiwa jikoni. Alisikiliza mambo ya mfereji mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Na mzee?"

"Mzee sijamtaja mahali popote, shosho. Na picha nilifuta."

Alinimiminia chai.

"Basi hata mimi nikikufa wataniweka na yeye," alisema, akinyoosha kidole chini ya kigoda nilichokalia. "Hapo nafasi bado iko."

Nilitazama chini, nikaendelea kunywa chai.