Kabeji Mbichi ya Mama Mkwe

Baba aliambiwa na dokta akule majani mabichi, na kwetu nyumbani amani ikaisha.

Alikuwa dereva wa lori. Anatoa mizigo Mombasa, anapita kwetu Malaba, anaingia Uganda, anarudi. Nyumba yetu ya mabati ilikuwa karibu na pale malori yanapanga laini kungoja kuvuka, na jikoni ilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Uhuru ulikuwa bado mpya, hata bendera pale kwa forodha ilikuwa haijapauka. Ndiyo mwaka baba alianza kushikwa na kizunguzungu akiwa kwa usukani.

Tajiri wa lori akamtuma akapimwe. Akaenda hospitali ya misheni upande wa Nangina, akarudi na habari mbaya: presha iko juu. Aache chumvi, apunguze mafuta, na kila siku akule mboga mbichi. Tajiri naye akasema yake. Lori linaingia gereji. Likitoka, baba apimwe tena. Presha ikiwa imeshuka, usukani ni wake. Kama haijashuka, usukani unachukuliwa na tanboi wake, kijana ambaye kazi yake ilikuwa kufunga turubai, kubadilisha magurudumu na kulala juu ya mizigo.

"Basi ni hiyo tu," baba alituambia. "Nikule majani ama nikae nyumbani."

Alisema kama mtu anayeambiwa achague jela.

Sasa, kwetu mboga haikuliwa mbichi. Mboga inachemshwa, inatiwa maziwa, inalala kwa chungu, kesho inachemshwa tena mpaka yenyewe haikumbuki ilikuwa mboga gani. Kitu kibichi ni cha mbuzi. Mombasa baba alikuwa amekula kachumbari, na aliipenda, lakini alikuwa na msimamo juu ya kachumbari.

"Kachumbari ni ya kusindikiza nyama," alisema. "Sasa nyama iko wapi? Inasindikiza nani?"

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimeacha shule darasa la nne, na kusoma nilijifunza zaidi kwa magazeti ya kufungia sukari dukani. Kila kitu nilichojua juu ya dunia kilikuwa na chembe za sukari. Nikakumbuka nilishasoma mahali juu ya saladi. Nikatafuta ile karatasi, nikaipata chini ya godoro. Ilisema uchukue majani ya letas, mafuta ya zeituni na jibini. Malaba yote hatukuwa na hata kimoja. Na pale inapoelezwa vitu vinachanganywa namna gani, karatasi ilikuwa imepasuka.

Hiyo haikunizuia. Nikachukua sukuma wiki, nikaikata kama ya kupika. Nikaongeza mrenda, kwa sababu ni laini na nilifikiri italainisha sukuma. Nikaweka kitunguu kikubwa, nikamwagia siki. Mtu yeyote anayejua mrenda mbichi anajua nilikosea wapi. Ile bakuli ilikuwa inavutika kama kamasi.

Mama aliiangalia tu. Mama ni mtu wa kunyamaza. Mimi ndiye nilisema maneno yake yote na yangu.

Baba akaweka kijiko kimoja mdomoni. Akatafuna. Redio ikasoma habari, ikamaliza, ikaanza muziki, na bado alikuwa anatafuna kile cha kwanza.

"Baba, meza."

"Nameza na nini? Hii ni kamba."

"Ni dawa."

"Dawa haina urefu huu."

Akatoka nje. Tulisikia anatema. Akarudi akaomba ugali na mchuzi, na kwa ule mchuzi nikaona mafuta yanaelea kama mwezi. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia bado, lakini angoje.

Kesho yake tanboi akaja kumwona mgonjwa. Alikuja na kitu kimefungwa kwa gazeti, na hilo gazeti mafuta yalikuwa yamelipitia mpaka usingesoma neno hata moja.

"Mzee, pole. Nimekuletea kitu kidogo."

Zilikuwa mbavu za kuchoma. Mafuta yalikuwa mengi kuliko nyama.

"Asante, kijana," baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeguswa sana.

"Mzee anakonda," tanboi akaniambia mimi. "Majani si chakula ya dereva. Gari ikinyimwa oili inakufa, dada."

"Wewe gari yako iko wapi?"

"Dada, mimi nasema kwa uzuri tu."

"Nimekuuliza. Iko wapi? Ama ndiyo hii ya baba, unangoja mwenyewe aanguke?"

"Mwache," baba alisema. "Mgeni haongeleshwi hivyo."

Nikachukua ile nyama nikapelekea mbwa wa jirani. Nilipokuwa narudi, tanboi alikuwa ameshafika barabarani. Hapo, kwa vile baba hamwoni, akanigeukia akaweka vidole kichwani kama pembe.

"Meee! Salimia mbuzi mzee!"

Kulikuwa na nusu ya kabeji hapo kwa meza ya mama anayeuza mboga. Nikairusha. Ilimpata kwa sikio. Ilikuwa kabeji nzuri, kwa hivyo nikaenda nikaiokota, nikamlipa mama wa watu, nikarudi nayo nyumbani. Nikamkuta baba amekaa ametulia sana. Vidole vyake vilikuwa vinang'aa.

"Umekula."

"Ubavu moja. Ulikuwa umeanguka nje ya gazeti."

Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii baba. Mama akasimama mlangoni.

"Unamkemea baba yako?"

"Nakemea presha yake."

Lakini nilijua nimeshindwa. Mama hawezi kumlazimisha mumewe. Mimi napiga kelele tu, na kelele alishazoea, alikuwa anakaa juu ya injini miaka yote. Nikakaa nikajiuliza ni nani duniani huyu mtu hawezi kumkatalia. Tajiri, baba alimkatalia mara nyingi. Polisi pia. Padri alimkatalia kwa heshima. Nikaona amebaki mtu mmoja tu, na asubuhi nikapanda basi kwenda Amukura.

Huko alikaa mama ya mama yangu. Ni Mteso, lakini sisi tulikua kati ya Waluhya, kwa hivyo tulimwita kukhu, bibi yetu. Ni lazima nieleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani. Akimwona kwa njia, anaingia majanini mpaka apite. Hawakai nyumba moja, hawasalimiani kwa mkono, hawali mbele ya mwenzake. Baba alikuwa ameoa zamani, na alimjua mama mkwe wake kwa mgongo. Lakini chakula akipika mama mkwe, kikiletwa, kinaliwa chote. Kurudisha sahani ikiwa na kitu ni kumtukana yeye na ukoo wake wote, na mzee mzima anaweza kutozwa mbuzi kwa hiyo.

Kukhu alinisikiliza akiwa anapepeta simsim.

"Mimi nikapike kwa boma ya mkwe? Wewe umerogwa?"

"Hamtaonana. Yeye atakaa mbele, wewe jikoni nyuma."

"Tutasikiana."

"Kusikia kumekatazwa?"

Akapepeta. Akafikiri. "Kusikia hakuna mtu alisema," akakubali. Akaniambia nibebe kinu.

Nilibeba kinu kwa basi. Kondakta alitaka kukitoza nauli. Tuliongea, akaacha.

Kulala kwa mkwe ilikuwa haiwezekani, kwa hivyo kukhu alilala kwa mama mmoja wa kanisa. Asubuhi anapita njia ya nyuma, anaingia jikoni, na mimi natangulia kumwambia baba asichungulie. Baba akakaa kwa sebule kama mtu aliyezingirwa.

Ile karatasi yangu ya sukari kukhu aliiangalia akawashia moto. Halafu akanifundisha. Kabeji, alisema, si ya kukata, ni ya kunyoa. Aliikunja jani kwa jani, akainyoa nyembamba mpaka ikawa kama uzi, akaifinya kwa mikono mpaka ikalegea. Kitunguu akakikata, akakiloweka kwa maji baridi, akamwaga yale maji, ukali wote ukaenda nayo. Nyanya akachukua zile ngumu za akina mama wa kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka, akatoa maji ya ndani ili bakuli isiwe supu. Karoti akaikwaruza. Mboga ya kunde changa akaipitisha tu kwa maji ya moto, ikabaki kijani, na mimi nikashangaa kwamba kunde ina rangi. Halafu akakaanga simsim kavu bila mafuta, akatwanga mpaka ikawa uji mzito, akaikamulia ndimu. Chumvi hakuweka.

"Kukhu, umesahau chumvi."

"Onja."

Nikaonja. Sikuuliza tena juu ya chumvi.

Mama akaibeba kwa sinia, akaifunika kitambaa, akaiweka mbele ya baba. Akasema maneno mengi kuliko ya wiki nzima:

"Hii imetoka kwa mkono wa mama mkwe wako. Yuko jikoni. Anangoja sahani."

Baba aliangalia kile kitambaa kama anaangalia askari wa barabarani. Akaniangalia mimi. Alijua.

"Wewe mtoto," alisema polepole, "wewe ni nyoka."

"Kula, baba."

Akala. Kijiko cha kwanza kwa uchungu. Cha pili akasimama kidogo, mkono hewani. Cha tatu hakusimama. Nikachukua sahani tupu nikapeleka jikoni, na hapo ndipo kazi yangu ikaanza, kwa sababu hawa wawili walisikiana vizuri sana kupitia dirisha la nyuma lakini hawakuruhusiwa kuongea.

"Mwambie mama nimeshukuru," baba aliniambia, kwa sauti ya kufika Tororo.

"Kukhu, anasema ameshukuru."

"Mwambie nimesikia. Mwambie kesho ni hiyo hiyo na parachichi."

"Baba, anasema..."

"Nimesikia. Muulize kama kuna hata nyama kidogo."

"Kukhu, anauliza..."

"Mwambie nyama alishakula kwa barabara, ya maisha yake na ya wajukuu."

Nilikuwa nakimbia mbele na nyuma kama mjinga. Nikikaa tu katikati bila kubeba neno, wote wawili walinyamaza mpaka nibebe.

Ikaendelea hivyo. Siku nyingine maharagwe ya kuchemsha yaliyopoa, na kitunguu na ndimu. Siku nyingine viazi vitamu vipande vipande na dania. Baba akaacha kushika kichwa akiinuka. Alianza kuuliza asubuhi, kama mtu ambaye hajali, ni nini kinatwangwa.

Tanboi akarudi siku lori lilikuwa karibu kutoka gereji. Safari hii alileta mkia wa kondoo wa kuchoma. Sijui kama kuna kitu kina mafuta kuliko hicho. Mimi nilikuwa jikoni na kukhu, anatwanga simsim, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mzee, leo wenye kelele hawako. Kula haraka."

"Kijana, wewe una roho nzuri," baba alisema.

Nilikuwa nimeshashika mwiko niende. Kukhu akanishika mkono. Aliacha tu kutwanga.

Kinu kikanyamaza, na ule ukimya ukapita dirishani ukaingia sebuleni. Nikachungulia, nikaona mkono wa baba umefika juu ya ule mkia, ukasimama hapo. Kutafuna nyama mama mkwe akisikia! Mtu mzima, baba wa watoto! Nilimwona anameza mate. Mkono ukarudi kwa goti.

"Nimeshiba," alisema.

"Mzee, hata haujaonja."

"Kijana, nimesema nimeshiba. Beba hiyo kitu yako. Na ukitaka usukani, ungoje nizeeke kama watu wengine."

Kukhu akaanza tena kutwanga.

Nangina nilienda naye mimi, kwa sababu sikuamini kwamba angefika bila kupita kwa hoteli. Dokta akamfunga kitambaa cha kupima presha kwa mkono, akakijaza upepo, akasikiliza, akarudia. Halafu akasema imeshuka. Si sana, alisema, lakini imeshuka, na akiendelea hivi anaweza kuendesha. Akamuuliza anakula nini. Baba akajieleza kwa kirefu, mpaka namna ya kufinya kabeji, na akasema "mimi" kila mahali. Nilinyamaza. Ni siku moja kwa maisha yangu.

Lori likatoka gereji, na usukani ukawa wake. Safari ya kwanza ilikuwa fupi, simiti ya kupeleka Busia kupitia Amukura. Baba akaniambia nimwambie kukhu kwamba akitaka, atamfikisha kwake. Kukhu akaniambia nimwambie ni sawa, lakini kiti cha mbele hapandi. Kwa hivyo alipanda nyuma, juu ya mifuko ya simiti, na bakuli ya kabeji mapajani, na tanboi akapanda naye kwa sababu ndiyo mahali pake. Mimi nikakaa mbele na baba, katikati ya ukoo kama kawaida.

Tulipopita soko, nikasikia nyuma tanboi anaambiwa afungue mdomo.

"Mama, mimi nimekula."

"Fungua."

Baba aliendesha polepole, mikono miwili kwa usukani, akikwepa kila shimo kama amebeba mayai. Baada ya muda akasema, bila kugeuka:

"Muulize kama amekaa vizuri."

Nikatoa kichwa dirishani, nikauliza. Vumbi likaniingia mdomoni. Nikarudi ndani.

"Anasema uangalie barabara."