Wamo Wangapi Ndani

Iko siku moja, mwanangu Zuhura, ambayo kila nikinusa biriani hunirudia yote, mpaka kichwa kinaanza kuniuma upya. Keti nikusimulie. Najua una shifti jioni, lakini haraka haraka haina baraka, na mabasi ya kwenu Tottenham hayaishi.

Nilikuwa na umri kama wako. Nimekuja London kusoma, na usiku nilifanya kazi ya kuhudumia wazee. Nilikaa hapa hapa Kilburn kwa shangazi yangu, Bi Rukia, mtu wa Mombasa kindakindaki, katika nyumba ya ghorofani juu ya duka la mazulia. Mkataba wake wa kupanga ulisema mtu mmoja. Mimi nilikuwa wa pili, kwa hivyo mimi sikuwako. Nguo zangu hazikuanikwa nje, barua zangu zilikwenda kwa rafiki, na kitanda changu kilisukumwa ndani ya stoo iliyofungukia jikoni, chumba kisicho na dirisha. Usinitazame hivyo, makaratasi yangu ya uhamiaji yalikuwa safi. Tatizo lilikuwa mkataba tu, ila shangazi aliamini kwamba mwenye nyumba akijua, atatutoa siku hiyo hiyo na masanduku yetu.

Sasa shangazi yangu alikuwa mtu wa shaka. Naye alikuwa na sababu zake, maana nyumba aliyoishi kabla ya hiyo alitolewa kwa maneno ya jirani. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Chini yetu alikaa mzee mmoja wa Kiayalandi, mjane, aliyetusalimu kila asubuhi kwenye ngazi. Mimi nilimwona mtu mwema. Shangazi akasema mtu hasalimu kila siku bure, kuna kitu anahesabu. Nikaanza na mimi kumtazama yule mzee kwa jicho la pembeni, na nikishuka peke yangu nilivua viatu ili asijue ni miguu ya nani.

Basi siku moja akaja fundi wa mwenye nyumba, akabandika kidude cheupe kwenye ukuta wa jikoni. Akasema ni kengele ya gesi, inalia ikinusa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, hewa isiyo rangi wala harufu. Shangazi alimshukuru mpaka mlangoni. Alipofunga mlango akageuka.

"Hewa isiyo rangi wala harufu! Mtu ambaye hata bomba linalovuja hajatutengenezea, leo atuletee zawadi? Hiki kina jicho, walla. Hebu tazama kinavyokonyeza."

Na kweli kilikuwa na taa ndogo iliyometameta. Tangu siku hiyo tukawa tunanong'ona jikoni. Mimi, msomi wa chuo, nikinong'ona mbele ya kidude cha plastiki! Shaka ya mkubwa huambukiza, mwanangu, na mdogo huipata kali zaidi.

Ikaja Jumamosi ya baridi na mvua. Shangazi alikuwa amepewa kazi ya kupika biriani ya harusi ya binti wa rafiki yake, na yeye hakukubali kwamba wali wa harusi unaweza kuiva bila kupaliwa makaa. Oveni aliidharau. Wali, alisema, hutaka moto chini na moto juu. Alikuwa amenunua makaa ya kuchomea nyama, akayawasha kwenye kibaraza cha nyuma, akayapepea mpaka yakawa mekundu na moshi ukaisha wote. Halafu mvua ikazidi, akayaingiza ndani kwenye jiko lake la bati. Sufuria juu ya makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko, kama alivyofundishwa na mama yake. Kwao walipikia uani, na upepo wa bahari ulikuwa unafanya kazi ambayo hakuna aliyeijua. Hakuwa mjinga. Aliamini tu kwamba makaa yasiyo moshi hayana madhara, na wengi wetu tunaamini hivyo mpaka leo.

Kisha akafunga madirisha ili yule mzee asinuse na kwenda kusema. Akafunga na mlango wa jikoni, akaweka taulo chini yake, akaenda sebuleni kukatakata vitunguu. Mimi nilikuwa stoo, nimelala baada ya zamu ya usiku. Fikiria mwenyewe: taulo lilikuwa upande wa pili wa mlango, na mimi nilikuwa upande wa makaa.

Niliamshwa na mlio. Kidude kililia kwa ukali, kikanyamaza kidogo, kikalia tena. Kichwa kilikuwa kinapasuka na tumbo linapanda. Nikasikia shangazi akiingia jikoni akikilaani kile kidude, akikibandua ukutani, akikiviringisha katika kanga. Akaenda kukizika chini ya mito chumbani kwake, na hata huko kiliendelea kulia. Chini, yule mzee akaanza kugonga dari yake kwa ufagio. Kisha akaacha. Kuacha kwake ndiko kulikomtisha shangazi.

Haukupita muda mrefu, mlango wa chini ukagongwa. Shangazi alichungulia dirishani akaona gari jekundu na watu wa sare. Akaja stoo mbio, akainamia kitanda changu. Uso wake mwenyewe ulikuwa umekunjamana kwa maumivu ya kichwa, nami sikujiuliza kwa nini.

"Wamekuja. Yule mzee ametushitaki. Nyamaza, usitoe hata chafya." Akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa. Basi nami nikasikia la mkuu. Nilijaribu kuketi, miguu ikakataa. Matapishi yalipokuja nilijiziba mdomo kwa shuka ili wasinisikie. Niliogopa mwenye nyumba, mwanangu, na kifo kilikuwa kimeshakaa nami kitandani. Nikiwaza leo naona hasira.

Yaliyotokea mlangoni alinihadithia yeye mwenyewe, zaidi ya mara moja, na kila mara akilia mahali pale pale. Walikuwa wazimamoto wawili, mwanamke na mwanamume. Kila mmoja alikuwa na kipimo kidogo cha hewa ya sumu kwenye koti, na shangazi alipofungua tu mlango, vipimo vikaanza kulia kizingitini. Wakavaa barakoa zao na mitungi ya hewa. Shangazi akaona watu wasio na uso wanaingia nyumbani kwake, akazidi kuogopa. Wakamtoa nje mpaka kwenye ngazi, na swali lao la kwanza, kwa Kizungu, likawa lile lile ambalo alikuwa amejiandaa kulijibu tangu siku nilipofika.

"Wamo wangapi ndani?"

"Hamna mtu. Naishi peke yangu."

Alilijibu vizuri, bila kupepesa macho. Yule mwanamume akaingia ndani. Nilisikia madirisha yakifunguliwa, na jiko likiburutwa kwenda kibarazani. Kisha kitasa cha stoo kikatikiswa. Sauti nzito, ya mtu aliye ndani ya barakoa, ikauliza kama kuna mtu. Nilikuwa na pumzi ya neno moja. Nikalimeza.

Akarudi kwenye ngazi akasema kuna mlango uliofungwa, na kipimo chake kimepanda karibu na mlango huo. Shangazi akasema ni stoo tu, ufunguo anao mwenye nyumba. Hapo yule mwanamke akavua barakoa, akachuchumaa mbele yake. Alikuwa mtu wa makamo, shangazi alisema, mwenye uso wa kuchoka. Akamwambia taratibu, ili aelewe.

"Mama, mimi si mtu wa nyumba wala wa pasipoti. Jina silitaki. Niambie tu, kuna anayepumua mle ndani?"

Shangazi alimtazama yule mwanamke machoni akitafuta hila, maana alikuwa hodari wa kuzitafuta. Nyuma yao yule mwenzake alikuwa ameshaamua kuuvunja mlango na anarudi ndani. Ndipo shangazi akatia mkono kifuani, akautoa ufunguo, akapiga kelele kwa Kiswahili, lugha ambayo pale hakuna aliyeijua: "Mwanangu yumo! Mwanangu yumo!"

Walinitoa wamenibeba mikononi. Nilizinduka kwenye ngazi, hewa safi ikiingia kwa nguvu kupitia kitu nilichovishwa usoni. Mlango wa yule mzee ulikuwa wazi naye amesimama amevaa kofia yake. Mpaka leo sijui alitushitaki kwa kelele au alitujali. Nilimuuliza baadaye, akasema biriani ilinukia vizuri. Sikumwelewa, na nakiri kwamba bado namshuku kidogo.

Hospitali walinipima damu, wakanieleza kwamba ile hewa huchukua nafasi ya hewa njema ndani ya damu, na kwamba wanaokufa nayo wengi hudhani wana usingizi tu. Shangazi naye alipewa kitanda, karibu na changu. Nilitegemea anipe pole. Yeye akanigeukia kwa hasira.

"Mtu ametikisa mlango, ameita. Kwa nini hukujibu?"

"Si uliniambia ninyamaze, shangazi?"

"Nami ni nani? Nikikwambia ufe, utakufa kwa adabu?"

Akajifunika shuka usoni akalia. Nililia na mimi. Karipio lile lilikuwa langu na lake pia, na tulijua sote wawili. Kwa miezi mingi baada ya hapo tulisubiri barua ya kututoa. Haikuja. Shangazi alikuwa na shaka hata na kule kutokuja kwake.

Sasa nikwambie kwa nini nimekukalisha. Sikwambii kila mwenye sare ni rafiki yako, maana ningekuwa nakudanganya. Shuku, mwanangu. Mgeni asiyeshuku huliwa mapema. Lakini shuku kwa mpango. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile kilikuwa jikoni mwetu, chini ya sufuria, wakati sisi tunalinda ngazi. Kishuku kichwa kinachouma ukiwa nyumbani na kupoa ukitoka. Yashuku makaa hata yakiwa hayana moshi, na usiyaingize ndani, hata siku ya harusi yako. Kengele ile ikilia usiifunike wala usibishane nayo. Zima moto, fungua madirisha kama uko karibu nayo, toka nje na kila mtu, kisha piga simu na usirudi mpaka wamepima. Na wakikuuliza wamo wangapi, sema hesabu ya kweli, hata kama mkataba una hesabu nyingine. Nyumba hupangwa tena. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikaribia kuwa kilio hicho.

Nasema haya kwa sababu juzi nilipokuja kwako kuchukua unga, nilivuta droo kutafuta kijiko nikakiona kidude cheupe kimelala kifudifudi, betri pembeni. Nawe ukaongeza sauti ya redio ghafla, lakini masikio yangu bado mazima. Kirudishe ukutani leo, kabla ya shifti.

Mungu akufungulie riziki usiyohitaji kuificha. Akupe majirani wenye masikio makali na mioyo laini. Akuamshe salama kesho na kila kesho, wewe na huyo anayekohoa chumba cha nyuma, ambaye sijamwona, na jina lake silitaki.