Mzee Milimita na Sanduku la Chatu

Ukoo wa marehemu mume wangu haufugi nyoka. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu habari hii imetiwa chumvi mpaka hailiki, na walioitia chumvi hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Chatu mmoja tu alikaa kwetu, miezi minne, akiwa majeruhi, mikononi mwa binti yangu ambaye ni daktari wa wanyama na kazi yake ameisomea. Lakini ninayetaka kumweleza hapa si chatu. Ni shemeji yangu, aliyemjengea.

Shemeji ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wao, seremala tangu ujana. Mtaa mzima humwita Mzee Milimita. Penseli haitoki sikioni mwake; siku tunamzika kaka yake niliichomoa mwenyewe, naye akalipapasa sikio kama mtu aliyevuliwa kofia. Akimaliza mlango au kabati, hulifunga, huwasha kiberiti na kupitisha mwali polepole kwenye kila kiungo. Mwali ukitikisika tu, huifumua kazi yote. Mteja akilalamika kwamba amecheleweshwa, jibu lake ni moja: "Hewa haikualikwa hapa." Makabati aliyonitengenezea jikoni mwaka nilioolewa hayajaingiza mende hadi leo.

Chatu aliungua ubavuni wakulima walipochoma mabua. Hospitali ya wanyama haikuwa na chumba chenye joto, na asubuhi za mji wetu ni za kuvaa sweta mbili.

"Mama, nyoka hana joto lake mwenyewe," binti alinieleza. "Akipoa, chakula hakisagiki na jeraha halifungi. Nahitaji pa kumweka."

"Ndani ya nyumba ya baba yako?"

"Stoo tu, Mama. Ndani ya sanduku."

Nilikubali kwa sharti moja, na sharti hilo nilimpa shemeji uso kwa uso: asiache upenyo. Nyoka akionekana barabarani akitokea kwetu, jina la nyumba hii ndilo litakalotembea.

"Shemeji, hata pumzi haitatoka," akasema, na macho yakamng'aa.

Binti alimchorea kwenye karatasi matundu ya hewa, safu mbili ndefu. Shemeji aliitazama karatasi kwa huruma. "Daktari, pua ya nyoka ni kama kichwa cha pini. Nitamtobolea mawili, na atabakiza." Binti alicheka, akadhani ni mzaha wa baba yake mdogo.

Lilimchukua wiki tatu. Mbao ngumu alizozikausha kwa miaka, kioo mbele, bawaba zisizolia. Upande wa kulia alifunga taa ya joto ndani ya kikapu cha waya, chatu asije akajiunguza tena, na kidude cha kuizima taa joto likifika nyuzi thelathini na mbili. Upande wa kushoto pakaachwa baridi, mgonjwa achague mwenyewe pa kulala. Alipitisha kiberiti pembe zote. Mwali haukutikisika. Binti alipouliza habari ya matundu, alijibu, "Yapo, nyuma," na hakudanganya. Yalikuwa mawili, yakiangalia ukuta.

Wiki mbili za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Ya tatu, kioo kikaanza kutoka jasho. Stoo ikanuka kama nguo iliyokunjwa mbichi. Kisha nikamwona chatu ameinua kichwa, mdomo wazi, povu puani, akikoroma kama babu aliyelala kwenye kiti.

Binti alimchoma sindano, akaligeuza sanduku, akasimama akiyatazama yale matundu mawili.

"Mapafu yameshaingia ugonjwa, Baba mdogo. Joto lipo, maji yapo, lakini unyevu hauna pa kutokea. Tunatoboa safu ya chini upande wa baridi na safu ya juu upande wa taa. Hewa ya moto inapanda na kutoka, inaivuta mpya kutoka chini."

"Nitajenga lingine."

"Kwa muda gani?"

"Wiki tatu."

"Hana wiki tatu. Hana hata moja."

Shemeji aliweka kiganja juu ya mbao. Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa ameshaegemea ua. "Milimita! Nasikia umechonga jeneza lenye taa!"

Nikaona shemeji anazeeka mbele yangu.

"Shemeji," nikamwambia, "mimi ndiye niliyesema pasiachwe upenyo. Kosa nilileta mimi. Toboa."

"Sijawahi kutoboa kazi iliyokwisha. Jina langu liko chini ya sanduku hili."

"Na la kaka yako liko mlangoni. Kiumbe akifa humu kwa kukosa pumzi, yote mawili yatasemwa pamoja."

Akamtazama chatu. Kisha akachukua keekee.

Mgonjwa alihamishiwa kwenye foronya yangu yenye mashada ya kudariziwa, na kwa hilo bado nawadai radhi. Shemeji alipima kila tundu kwa rula, akalitia alama, akalisugua msasa ndani utadhani ni pete. Akapigilia wavu wa chuma. Joto lote likakimbia: upande wa taa ukashuka hadi ishirini na sita. Sikusikia lawama. Alichonga vibao viwili vya kuteleza juu ya matundu, akawa anavisogeza unene wa ukucha, kiberiti mkononi, safari hii akiutaka mwali uiname. Ulipoinama na kipimajoto kikasimama kwenye thelathini na mbili, akasema "Haya," na kumrudisha mwenyewe kwa mikono miwili. Yeye ambaye hata mjusi wa darini humkimbiza nje.

Tangu hapo alipita kwetu kila asubuhi kabla ya kufungua karakana. Alipiga magoti, akatega sikio kwenye safu ya chini, na ole wake atakayegonga kijiko. Siku ya nne chatu bado alikoroma. Ya saba, kidogo. Ya kumi shemeji aliinuka akiwa amepauka.

"Daktari, njoo. Simsikii kabisa."

Binti alitoka mbio na mswaki mdomoni, akaweka chombo chake ubavuni mwa chatu, akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Hutamsikia, Baba mdogo. Anapumua vizuri."

Shemeji alijipangusa magoti taratibu, akatoka hadi uani.

"Fundi!" tukamsikia akiita. "Acha cherehani, njoo! Matundu arobaini na manane, na joto halijapungua hata nyuzi moja. Njoo uhesabu."

Jirani alikuja, akavaa miwani, akahesabu kwa kidole. Shemeji alisimama nyuma yake mpaka akafika la mwisho.