Nilivyomwonea Wivu Mtoto wa Kitabuni

Miaka ya tisini, nikiwa sekondari pale Lodwar, nilikuwa na mshindani mmoja tu duniani, naye alikuwa wa kuchorwa.

Aliletwa na rafiki wa mama, mkimbizi kutoka Sudan aliyenunua vikapu vyetu na kwenda kuviuza kambini Kakuma. Alikuja na kitabu cha watoto chenye picha, akasema, "Mama, iko mama kama wewe ndani ya hii."

Polio ilimwachia mama miguu isiyombeba. Alitembea kwa mikono, na mikononi alivaa akala, vile viatu vya tairi. Wenzangu waliwahi kutoroka mama zao wakiinama kuvua kiatu cha kuwachapa. Wangu alikuwa ameshakishika.

Kwa kuwa hakusoma, kazi ya kumgeuzia Kiingereza kuwa Kiturkana ilikuwa yangu. Mama wa kitabuni alikaa dirishani kwenye kiti cha magurudumu, akitabasamu. Hapiki, hagombi, hana hata mdeni wa kumdai. Bintiye alimsukuma, akamchana nywele, akamletea maua. Hachoki, hanuni.

"Ona mtoto wa wenzetu," mama alisema, ukili wa kikapu mdomoni. "Wewe nikikutuma maji unaniuliza kama kiu yangu ni ya lazima."

"Mama, pale ni sakafu. Mlete asukume hicho kiti kwenye mchanga wa mto Kawalase."

"Angesukuma."

Angesukuma! Mimi niliyembeba mgongoni kuvuka Kawalase sikuwahi kutajwa kwa mgeni yeyote. Lakini mgeni akimaliza tu kusalimu ejok, anaelezwa habari za yule wa kitabuni, mpaka rangi ya gauni lake.

Nikaamua kushindana. Maua Lodwar utayatoa wapi? Nilikata tawi la mathenge lenye vimaua vya manjano na miiba yake yote.

"Nimekukosea nini?" mama akauliza, akampa mbuzi tawi lile.

Basi rafiki yake alipotuma ujumbe kwamba kitabu kinadaiwa na watoto wa kambini, mimi, mtu ambaye hata sokoni hutumwa kwa vitisho, nilijitolea kukirudisha Kakuma. Nilitaka kuhakikisha mwenyewe kwamba yule binti amefika na amebaki huko.

"Nami nakuja," mama akasema. "Nimuage."

Tulipanda lori, yeye kifua mbele kando ya dereva, mimi nyuma na mbuzi za watu. Kakuma tuliketi mbele ya kibanda cha mabati cha rafiki yake, na mama akadai asomewe mara ya mwisho, safari hii mpaka mwisho wenyewe. Nyumbani hatukuwahi kuufikia. Kila mara alinirudisha kwenye ukurasa wa nywele.

Nikasoma. Siku moja mama wa kitabuni akasimama, akatembea, majirani wakapiga makofi. Binti akafurahi sana, akakimbia nje kucheza.

Rafiki naye akapiga makofi. "Kwisha kupona! Mungu mkubwa!"

Mama hakupiga. "Kiti wamekipeleka wapi?"

"Haijaandikwa."

"Na mtoto?"

"Ameenda kucheza."

"Kwa hiyo alikuwa anangoja mama apone ndiyo aende zake." Akakitazama kitabu kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. "Mimi naumwa?"

"Huumwi, mama."

"Basi mrudishie mwenyewe kitabu chake."

Nilimrudishia kwa mikono miwili, na adabu ambayo sijawahi kumpa mtu. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Kisha mama akaninyooshea mikono, nikapiga magoti kumvalisha akala na kufunga kamba zake, kama kila siku.

"Polepole," akasema. "Unakaza kama unafunga punda."

"Pole, mama."

Akageuza kiganja, akakikagua.

"Yule," akasema, "angefunga vizuri."